Binadamu na Joka katika Hadithi za Watoto: Mtazamo kutoka Dzaleka

Katika shule nyingi ambamo Kiswahili hufundishwa, au angalau husemwa uani wakati wa mapumziko, walimu wamegawanyika juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana dogo. Watoto wetu wamependa hadithi za majoka. Hatusemi majoka ya kuuawa kwa mkuki, kama yalivyokuwa katika ngano za kale za Ulaya. Haya ni majoka ya kupandwa mgongoni, ya kulishwa samaki na kupewa majina ya kipenzi. Wako walimu wenzetu wanaoziona hadithi hizi kuwa upuuzi wa kigeni unaowapotezea watoto muda. Wengine, wenye kushika sana dini, husema kwamba kumfanya joka rafiki ni kumkaribisha shetani nyumbani. Wako na wa tatu, wasemao kwamba mtoto na asome chochote, mradi asome.

Sisi hatumo katika kundi lolote kati ya hayo matatu. Tunaona kwamba hadithi hizi zastahili kuhakikiwa kama fasihi nyingine yoyote, na kwamba kipimo chake kiko wazi: urafiki huo wa binadamu na joka umemgharimu nani, na kwa kiasi gani? Hadithi isiyoweza kujibu swali hilo ni peremende. Peremende haiui, lakini haimshibishi mtoto aliyelala njaa.

Tunaandika haya tukiwa na watoto wa Dzaleka machoni petu. Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe. Enzi za utawala wa Kamuzu Banda mahali hapa palikuwa gereza walimotiwa wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakageuzwa kambi ya wakimbizi. Palipangiwa watu wapatao 10,000, na sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo ya mashariki, Burundi na Rwanda, pamoja na Waethiopia na Wasomali. Shuleni mtoto husoma mtaala wa Malawi, kwa Kichewa na Kiingereza. Sokoni, kisimani na kwenye tamasha la Tumaini, ambalo lilianzishwa kambini mwaka 2014, husikia Kiswahili. Lilongwe, mji mkuu wa nchi tangu mwaka 1975, una maduka ya vitabu, lakini anayekwenda huko kutafuta kitabu cha hadithi cha Kiswahili mara nyingi hurudi na daftari tupu. Kwa hiyo majoka haya hayakuwafikia watoto wetu kwa njia ya vitabu. Yaliwafikia katika vibanda vya video, kwa Kiingereza, huku mtoto mkubwa akiwafasiria wadogo anachodhani kimesemwa. Tafsiri hizo, tuseme kweli, mara nyingine ni bora kuliko filamu zenyewe.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Neno "joka" ni ukubwa wa "nyoka". Ukubwa katika Kiswahili haupimi urefu na uzito peke yake. Mara nyingi hubeba hofu au dharau, kama tunavyosema jitu, jibwa, jizi. Waliofasiri Biblia walipofika kwenye Ufunuo walilichukua neno hilohilo kumwita adui mkuu, na tangu hapo joka limeingia kanisani likiwa na mzigo mwingine kichwani. Ndiyo sababu baadhi ya wenzetu hupendekeza tuseme "dragoni" tunapozungumza na watoto, ili kumtenga kiumbe huyu wa hadithi na yule wa Ufunuo. Sisi hatuafiki. Ukimpa mtoto neno lisilo na mizizi umempa kiumbe asiye na nasaba. Joka lina nyoka ndani yake, na hofu ya nyoka mtoto anaijua tangu anaanza kutambaa. Urafiki na kitu kisichoogopesha una ajabu gani?

Tena neno hili lina siri ya kisarufi ambayo hatujaiona ikizungumzwa vya kutosha. Wanyama na watu katika lugha yetu huchukua upatanisho wa a- na wa-, lakini vitu vya ukubwa vyaweza kubaki na li- na ya-. Tumewasikiliza watoto wakisimuliana. Mtoto huanza: "Joka lile lilitoka pangoni, likafungua mdomo." Anaendelea hivyo, li- na li-, mpaka afike mahali joka na kijana wanapotazamana na hakuna anayemdhuru mwenzake. Hapo, bila kufundishwa na mtu, husema: "Basi joka yule akalala chini." Mwalimu mwenye wino mwekundu atataka upatanisho mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tumeacha kusahihisha. Mtoto anajua anachofanya: kwa silabi moja ameonyesha wakati ambapo dubwana limekuwa mtu wa kuzungumza naye. Hatujui mwandishi mtu mzima aliyetumia mbinu hii kwa makusudi katika kitabu cha watoto, na tungependa atokee.

Wahenga nao walilitambua jambo hili waliposema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo haisemi kwamba zimwi litakuwa jema. Litakula, ila litasaza. Huo ndio urafiki wa tahadhari ambao fasihi yetu ya jadi inaujua, na ni vema kuuweka akilini tunapovifungua vitabu vya wenzetu.

Vitabu hivyo si vya jana. Mwaka 1898 Mwingereza Kenneth Grahame alitunga kisa cha joka mpole apendaye mashairi kuliko vita, na mtoto mmoja mwenye busara anayempatanisha na Mtakatifu George aliyeletwa kumwua. Wote watatu wanapanga pigano la uongo ili wanakijiji waridhike. Ni kisa cha kuchekesha, na kina ukweli mchungu ndani yake: wanakijiji wanataka damu, haidhuru ya nani. Lakini mwisho kila mtu hula karamu, na hakuna aliyelipa kitu.

Kinachojulikana zaidi kambini ni kisa cha kijana wa Waviking aitwaye Hiccup na joka wake Toothless. Kilianza kama kitabu cha Cressida Cowell mwaka 2003, kikafanywa filamu mwaka 2010. Wengi hudhani ni kitu kimoja. Sivyo, na tofauti yake inatuhusu sana sisi walimu wa lugha. Katika kitabu, Toothless ni kijoka kidogo, kichoyo na kibishi, na vijana wa kabila lake Hiccup wamefundishwa kuwatiisha majoka kwa kuyapigia kelele. Hiccup hana sauti ya kutisha. Alicho nacho ni lugha: amejifunza kuzungumza na majoka kwa lugha yao. Filamu imeliondoa jambo hilo zima. Joka wa filamu hasemi. Hunguruma na kukodoa macho kama paka wa nyumbani. Badala yake filamu imeleta jeraha. Kijana amemtungua joka na kumharibu mkia, kisha anamtengenezea pezi la bandia, na kabla hadithi haijaisha yeye naye amepoteza mguu. Hapo filamu imekipita kitabu, kwa kuwa gharama imelipwa na pande zote mbili. Hata hivyo twasikitika kwamba lugha imetupwa. Watoto wa Dzaleka ndio wakalimani wa wazazi wao. Mtoto wa miaka 10 huongozana na mama yake zahanati akamsemea kwa Kichewa maumivu ambayo mama hana maneno yake. Shujaa ambaye nguvu zake zote ni kujua lugha ya yule anayeogopwa angekuwa shujaa wao kweli, na filamu imewanyima.

Katika vitabu vya kigeni tulivyovisoma, hata hivyo, tunachokipenda kuliko vyote ni kidogo na cha zamani: kile cha Mmarekani Ruth Stiles Gannett, kilichotoka mwaka 1948. Kijana Elmer anaambiwa na paka mzee kwamba katika kisiwa cha wanyama wakali yuko joka mchanga aliyeanguka kutoka mawinguni akaumia bawa. Wanyama wamemfunga kamba, wamemfanya kivuko: huwabeba kuwavusha mto usiku na mchana, na hakuna anayeuliza kama amechoka. Elmer hafiki kisiwani na upanga. Mkobani ana ubani wa kutafuna, mswaki, kitana, riboni, peremende za kijiti na kisu cha kukunja. Kila mnyama anayemzuia humpa kile anachokitamani, akapita. Mamba huwafunga peremende mikiani, kila mmoja akalamba ya mwenzake, na migongo yao ikawa daraja.

Hapa lazima tuseme kitu pembeni. Watoto waliotoka Uvira na Bujumbura wanajua mamba ni nini. Mto Ruzizi na Ziwa Tanganyika vina mamba, na jina la Gustave, yule mamba mkubwa wa Burundi aliyesimuliwa hata na magazeti ya nchi za mbali kwamba alikula watu wengi, halikuwahi kuwa mchezo. Tulidhani mamba wa peremende wangewaudhi. Walicheka mpaka wakalia. Mmoja akataka kujua peremende ngapi zingemtosha Gustave, na hesabu ikaendelea hadi kengele ilipolia.

Ubora wa kisa cha Gannett ni kwamba hakuna aliyefugwa. Elmer hamfundishi joka kitu. Anakata kamba, basi. Joka huyu ni mfanyakazi asiye na ujira ambaye kosa lake pekee ni kuanguka mahali pasipo pake akiwa na jeraha, na wenyeji wakaona faida kumweka hapo. Mtoto wa kambini hahitaji maelezo. Dosari ya kitabu ni ileile ya Grahame: mwisho rafiki hao wawili wanaruka na kwenda zao, na msomaji hudhani kwamba ukishakata kamba, kazi imekwisha.

Ndipo tunapofika kwenye hadithi yetu wenyewe, ambayo kwa maoni yetu yazipita hizi zote kwa uzito, na ambayo walimu wengi wameisahau au wanaiogopa. Ni kisa cha Hasibu Karim-ud-Din na Sultani wa Nyoka. Askofu Edward Steere alikiandika kwa Kiswahili kama alivyosimuliwa Unguja, akakitia katika kitabu chake cha ngano kilichochapwa London mwaka 1870. George Bateman akakitoa tena kwa Kiingereza mwaka 1901. Asili yake ni Alfu Lela U Lela, ambamo mtawala wa nyoka ni malkia. Msimulizi wa Unguja alimfanya sultani, na kwa kufanya hivyo alimweka sawa na sultani mwingine atakayetokea mwishoni.

Hasibu ni mwana wa tabibu aliyekufa kabla mtoto hajapata kumjua. Hana kazi aliyoiweza, akaingia msituni pamoja na wakata kuni. Walipoona shimo lenye asali nyingi walimteremsha Hasibu ndani aichote, na asali ilipokwisha wakamwacha humo, wakaenda kumwambia mama yake kwamba mwanawe amekufa. Shimoni akaona nge, akajiuliza amepita wapi, akafuata ufa mpaka akatokea kwenye nchi ya Sultani wa Nyoka. Nyoka wakamzunguka. Sultani wao akamwamkia, akamwuliza jina, akaagiza aletewe chakula.

Tafadhali msomaji atue hapa kidogo. Mtu ametupwa na wenzake aliowaamini. Amepita chini ya ardhi akatokea kwa viumbe anaowaogopa, na hao ndio waliomlisha. Katika hadithi za kigeni tulizozitaja, binadamu ndiye mwenye huruma na joka ndiye mwenye shida. Hapa mambo yamepinduka: joka ni mwenyeji, na binadamu ni mgeni asiye na kwao. Tumewahi kuisoma sehemu hii mbele ya darasa la watoto wa Dzaleka, na ukimya uliotokea hatujaupata kwa hadithi nyingine.

Baada ya muda mrefu Hasibu anataka kurudi kwa mama yake. Sultani wa Nyoka anajua, na anasema wazi, kwamba mgeni huyu akirudi ndiye atakayekuwa sababu ya kifo chake. Hata hivyo anamruhusu. Anamtaka ahadi moja tu, kwamba asioge mahali pa kuogea watu. Sababu ni kwamba aliyemwona Sultani wa Nyoka hubaki na alama mwilini. Hasibu anaahidi, anarudi, anaishi. Sultani wa mji anaugua ugonjwa ambao dawa yake ni nyama ya Sultani wa Nyoka. Waziri anaweka walinzi penye kuogea. Hasibu anasahau, anaoga, anakamatwa. Anakana. Anapigwa. Anaonyesha njia.

Wenzetu wengi wanaoijua hadithi hii hutaka ikomee hapo Hasibu anaporudi nyumbani, au ibadilishwe ili Sultani wa Nyoka atoroke. Wanasema watoto hawa wameona mauti ya kutosha. Tunaiheshimu nia hiyo, lakini kwa maoni yetu wanakosea, na kosa lenyewe ni la kuisoma vibaya hadithi. Maana moyo wa kisa uko mbele kidogo. Sultani wa Nyoka anapotoka na kumwona Hasibu akiwa na waziri, anamkumbusha aliyomwambia. Hasibu anamwonyesha mgongo wake wenye mapigo. Yule nyoka anauliza ni nani aliyempiga hivyo, naye anajibu kwamba ni waziri. Basi Sultani wa Nyoka anakubali, anaona kwamba hana tena pa kukimbilia, ila anataka jambo moja: abebwe na Hasibu mwenyewe.

Njiani, akiwa amebebwa na mtu aliyemtoa, anamfundisha la kufanya. Atauawa na kupikwa. Mchuzi wa kwanza waziri atamtaka Hasibu aunywe, asiunywe, auhifadhi. Wa pili aunywe yeye, atakuwa tabibu mkubwa. Wa tatu ni dawa ya sultani. Ule wa kwanza ampe waziri. Hasibu akafanya hivyo, waziri akafa, sultani akapona, na mwana wa tabibu akaurithi utabibu wa baba ambaye hakumjua.

Hatujui hadithi ya watoto, ya kwetu au ya kigeni, inayotenganisha kwa uangalifu zaidi kati ya aliyevunja ahadi na aliyeshika fimbo. Sultani wa Nyoka hasemi kwamba Hasibu hana kosa. Ahadi ilivunjwa, na alionya. Lakini anapoona mgongo anauliza swali la haki, "nani amekupiga?", na hukumu yake inamwendea mwenye fimbo. Watoto ambao wazazi wao wameulizwa maswali mbele ya bunduki, wakataja jirani alikojificha, hawahitaji hadithi inayosema kwamba rafiki wa kweli hafungui mdomo kamwe. Wanajua hiyo ni kauli ya watu ambao hawajapigwa. Anayeikata hadithi kabla ya mgongo ule huwaondolea watoto sehemu pekee inayowatazama usoni.

Tulipowauliza watoto kwa nini Hasibu alioga, tulitegemea jibu la kitabu, kwamba alisahau. Msichana mmoja, ambaye alikuwa ameishi Lilongwe kabla ya kuletwa kambini, alisema kwamba Hasibu alichoka. Alichoka kuoga peke yake. Mwezi Machi 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya kazi mijini warejee Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo polisi wakawakusanya wengi, pamoja na watoto, wakawaleta. Madarasa yalipokea watoto wenye Kichewa kizuri kuliko Kiswahili chao, waliokuwa wamezoea kuambiwa na wazazi wasiseme wanatoka wapi. Mbele ya jibu la msichana yule tumelazimika kuisoma upya ahadi ya Sultani wa Nyoka. Tulikuwa tumeiona kuwa jambo dogo, masharti ya ngano kama masharti mengine. Kumbe kumwambia mtu asioge na watu ni kumwambia aishi mjini nusu amejificha, siku zote, asionekane mwili wake. Ahadi ile ni nzito kuliko ilivyotamkwa, na pengine mwenye kuidai alijua kwamba hakuna binadamu awezaye kuitimiza. Uhakiki huu si wetu. Ni wa mtoto wa miaka 12.

Hadithi hii ina dosari zake. Wakata kuni wanarudi wakiwa matajiri, wanamgawia Hasibu mali, na jambo linakwisha kirahisi mno. Mama anatajwa tu pale anapohitajika kulia. Hasibu mwenyewe hatendi kitu cha ushujaa. Hutumwa, hutupwa, hulishwa, hupigwa, hufundishwa. Mtoto aliyezoea Hiccup mwenye kubuni mapezi ya mkia ataona Hasibu ni mzembe. Na utamu wa kisasi mwishoni, wakati waziri anapokunywa, hufurahiwa na darasa kupita kiasi, hata mwalimu hupata taabu ya kuwatuliza. Wanaotaka urafiki wa kiumbe wa ajabu wenye malipo mema zaidi wataupata kwa Shaaban Robert katika "Adili na Nduguze" ya mwaka 1952, ambamo Adili anamwokoa kiumbe aliyefukuzwa na nyoka, naye akatokea kuwa Huria, binti wa mfalme wa majini. Ila pale wema hulipwa wema kwa hesabu iliyonyooka mno, na nyoka amerudishwa kwenye kazi yake ya zamani ya kuwa adui.

Yafaa pia walimu wakumbuke kwamba Malawi ina majoka yake, na si haki kumfundisha mtoto wa Dzaleka joka la Waviking akiwa hajasikia la nchi anayolala. Katika eneo hilihili la Lilongwe palikuwa na madhabahu ya mvua ya Wachewa huko Msinja, ambako Makewana, mama wa watu wote, asiyekuwa na mume wa kawaida, alihusiana na chatu wa mizimu aitwaye Thunga. Mahusiano hayo ndiyo yaliyoleta mvua. Kusini mwa nchi yuko Napolo, joka wa chini ya milima, ambaye akihama huporomosha miamba na maji. Mafuriko ya Zomba ya mwaka 1946 yaliitwa kwa jina lake, na ya Phalombe mwaka 1991 vilevile. Mshairi Steve Chimombo alimfanyia diwani nzima mwaka 1987, na kimbunga Freddy kilipoipiga kusini mwezi Machi 2023 jina hilo lilisikika tena. Katika visa hivi hakuna mtoto mmoja aliyempata joka wake wa pekee. Mapatano ni ya nchi nzima, na yakivunjika nchi nzima hulia. Huko Nyakach, nchini Kenya, mwaka 1987, chatu aliyeitwa Omieri alipojeruhiwa na moto na hatimaye kufa, Wajaluo wengi waliomboleza kama waliofiwa na mzee, na wapo walioiogopea mvua. Filamu zimefanya urafiki na joka kuwa siri ya kijana mmoja. Kwa watu wa kwetu lilikuwa jambo la mkutano.

Kwa sababu hizo tunapendekeza chama chetu kitayarishe toleo la watoto la kisa cha Hasibu, kwa tahajia ya leo, kwa kuwa ya Steere humchosha hata mwalimu. Liwe fupi, la kurasa 40 hivi, kwa darasa la tano na la sita. Visa virefu vya Bulukiya na Janshah, ambavyo Alfu Lela U Lela huviweka ndani ya hiki, vitolewe. Vyaweza kuwa kitabu kingine. Mwisho usiguswe. Maswali ya zoezi yasizidi manne, na lisiwemo lile la "hadithi hii inatufundisha nini", ambalo limeua hadithi nyingi kuliko waziri yule. Pale Sultani wa Nyoka anapotokea mara ya kwanza, mhariri aache watoto wachague wenyewe kama ni "lile" au "yule", na nafasi ya neno iachwe wazi wajaze kwa penseli. Watoto wa Lilongwe walio na Kichewa zaidi wapewe nakala yenye orodha ya maneno kwa Kichewa nyuma yake. Walimu wenzetu Wamalawi wa Dowa wamekwisha kusema kwamba wako tayari kusaidia.